Elektroni 'Huzunguka' Kiini? Historia Fupi ya Kitenzi Kimoja

Walimu wengi wa Kiswahili huyaachia maneno ya sayansi mwalimu wa fizikia. Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, udhuru huo umepungua nguvu. Makala haya yanaangalia elektroni, na hasa kitenzi tunachoiambatanisha nacho: kuzunguka.

Jina lilipendekezwa na George Johnstone Stoney mwaka 1891, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kaharabu, kwani kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Kaharabu yetu nayo ilitoka Uajemi kupitia Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitu kinachovuta majani makavu. Waarabu huuita umeme kwa neno hilohilo. (Nasi tungeweza kulipa bili ya kaharabu!)

Mwaka 1897 J. J. Thomson alithibitisha kuwa chembe hizo zipo. Mwaka 1911 Ernest Rutherford alionyesha kwamba karibu uzito wote wa atomi umo katika kiini kidogo mno. Kama kiini cha kaboni kingekuwa punje ya haragwe katika soko la Gisenyi, elektroni zake za nje zingekuwa mamia ya mita kutoka hapo.

Je, huko zinakaaje? Kwa kanuni za wakati ule, elektroni inayozunguka ingetoa mwanga, ikapoteza nishati na kuangukia kiini mara moja. Mwaka 1913 Niels Bohr alisema kwamba elektroni hukaa katika ngazi maalumu tu, na hutoa mwanga inaposhuka ngazi. Tupia chumvi motoni: rangi ya njano utakayoiona inatokana na elektroni za sodiamu zinazoshuka hivyo. Neno ngazi lingali linafaa. Lakini Bohr alibaki na njia za duara, mfano wa sayari na jua, na ndiyo picha tunayochora ubaoni mpaka leo.

Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alitoa mlinganyo mpya, na Max Born akaeleza kwamba unatupa uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Njia yenyewe ikatoweka. Kwa hiyo "elektroni huzunguka kiini" ni sentensi isiyo na kosa la sarufi, ila imepitwa na wakati tangu 1926.

Si suala la wataalamu pekee. Methani ya Ziwa Kivu, ambayo kuanzia mwaka 1963 ilichimbwa Rubona na kutumika katika kiwanda cha bia cha Gisenyi, ni kaboni moja na hidrojeni nne. Kaboni ina elektroni sita: mbili za ndani, nne za nje, na kila moja ya hizo nne hushirikiana na elektroni ya hidrojeni. Mwanafunzi aliyefundishwa kuhusu duara atauliza: elektroni iliyo katika njia yake itamilikiwaje na atomi mbili? Swali zuri, na duara halina jibu.

Wengine hupendekeza neno wingu. Ni afadhali, ingawa wingu hugawanyika vipande, ilhali elektroni ikipimwa hukutwa nzima. Mimi napendelea "elektroni hupatikana kandokando ya kiini". Katika kupatikana, viambishi -ik- na -an- hubeba maana mbili kwa pamoja, ya kuonekana mahali na ya kuweza kuonekana hapo, na hiyo ya pili ndiyo aliyoizungumzia Born.