Baraza la Lanzi mjini Florence: Jina, Sanamu na Utawala

Makala haya mafupi yanakusudia kuchunguza jengo moja la mji wa Florence, nchini Italia, liitwalo Loggia dei Lanzi. Neno la kwanza tunalifasiri kwa «baraza», na si kwa sababu ya umbo tu. Katika Kiswahili, baraza ni mahali pa kuketi nje ya nyumba. Tena ni kikao cha watu wanaoshauriana. Jengo hili lastahili maana zote mbili.

Lilijengwa kati ya mwaka 1376 na 1382 na Benci di Cione pamoja na Simone Talenti, kando ya uwanja wa Piazza della Signoria. Upande wa mbele una matao matatu makubwa, wala hakuna ukuta unaoufunga. Uwazi huo ulikuwa na maana yake: Florence ilikuwa jamhuri, na viongozi wake waliapishwa hapo hadharani, raia wakishuhudia.

Mnamo 1494 ukoo wa Medici, uliokuwa umeitawala jamhuri hiyo kwa nguvu ya mali, ulifukuzwa. Mwaka uliofuata sanamu ya shaba nyeusi ya Yudithi akimwua Holoferne, kazi ya Donatello, ilitolewa katika jumba lao ikasimamishwa mbele ya jumba la serikali. Mwanamke dhaifu aliyemshinda jemadari akawa mfano wa raia walioushinda udhalimu. Mwaka 1504 mahali pake palipewa Daudi wa Michelangelo. Wako waliopendekeza Daudi awekwe chini ya matao ya baraza ili marumaru yake isiharibiwe na mvua, lakini hawakusikilizwa. Ndipo Yudithi akahamishiwa barazani mwaka 1506.

Medici walirudi. Cosimo wa Kwanza alipotwaa utawala mwaka 1537, hakulibomoa baraza, alilibadilisha maana. Alimwagiza Benvenuto Cellini sanamu ya shaba ya Perseus, iliyotengenezwa tangu 1545 hadi 1554. Tutazame vizuri: Yudithi ana upanga, na Perseus ana upanga, yule anakata kichwa, huyu ameinua kichwa cha Medusa kilichokwisha katwa. Ishara ni ile ile, bali msemaji ni mwingine. Wanahistoria wengi wameisoma sanamu hiyo kama onyo kwa wapenzi wa jamhuri. Hatimaye, Yudithi aliondolewa barazani, na mwaka 1583 tao lake likachukuliwa na sanamu ya Giambologna, yenye watu watatu waliochongwa katika jiwe moja, ambayo hata jina lake la Wasabini ilipewa baada ya kuchongwa.

Na jina la jengo je? Lanzi ni ufupisho wa lanzichenecchi, neno ambalo Waitalia walilitohoa kutoka Kijerumani Landsknecht, yaani askari wa kukodiwa. Ndio waliomlinda Cosimo. Hivyo mahali pa kiapo cha raia pamebaki na jina la walinzi wa mtawala, ingawa utawala huo umekwisha zamani.

Sisi tunaosoma lugha tuna funzo hapa. Sanamu huhamishwa kwa siku chache; jina hudumu vinywani mwa watu wasiokumbuka tena asili yake. Anayetaka kuijua historia ya mahali na aulize kwanza: nani alipapa jina, na kabla yake paliitwaje?