Spoila (gari)

Spoila ni kipande cha plastiki, faibaglasi, alumini au nyuzi za kaboni kinachofungwa kwenye gari, mara nyingi juu ya buti au chini ya bampa la mbele, ili kubadilisha jinsi hewa inavyopita kwenye bodi. Ilianza katika magari ya mbio kama kifaa cha kuyakandamiza yashike barabara. Siku hizi huonekana pia kwenye magari ya kawaida, ambako mara nyingi hufungwa kwa ajili ya sura tu: gari lionekane kali, kana kwamba limetoka kwenye mashindano.

Spoila na bawa

Mitaani vitu viwili tofauti huitwa kwa jina hili moja. Spoila yenyewe hulala juu ya bodi na kukatiza mkondo wa hewa unaoteremka kutoka kwenye paa. Bawa husimama juu ya miguu yake, hewa ikapita juu na chini yake. Umbo lake ni la bawa la ndege lililogeuzwa kichwa chini. Ndege huinuliwa na mabawa yake, gari hukandamizwa na lake.

Jinsi inavyofanya kazi

Hewa inayopita juu ya mgongo wa gari huongeza mwendo, na kanieneo yake hupungua. Kanieneo ya chini ya gari ikizidi ile ya juu, gari huinuliwa kidogo na matairi hupoteza sehemu ya mshiko wake, hasa ya nyuma. Spoila huichelewesha hewa hiyo kabla haijaondoka kwenye bodi, hivyo kanieneo juu ya buti huongezeka. Bawa huielekeza hewa juu, nayo hewa hulisukuma bawa chini, kama inavyoeleza kanuni ya tatu ya Newton.

Kani hiyo hutegemea mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, kani huwa mara nne. Chukua bawa lenye urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 25, lililopangwa vizuri katika hewa isiyovurugwa, na kizigeu chake cha kani kikiwa 1. Usawa wa bahari, kwenye kasi ya kilomita 50 kwa saa, bawa hilo hukandamiza kwa kani ya takriban niutoni 35, yaani kama uzito wa mfuko wa unga wa kilo tatu na nusu. Kwenye kilomita 100 ni kama kilo 14, na kwenye kilomita 200 ni kama kilo 57. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, hivyo bawa lilelile hukandamiza pungufu kwa karibu asilimia 15. Ndani ya miji ya Kenya na Tanzania kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Hapo mtoto wa shule akikalia buti atalikandamiza gari kuliko bawa lolote la dukani.

Bawa lina gharama pia. Huongeza ukinzani wa hewa, gari likahitaji mafuta zaidi kwa kasi ileile. Tena likiwekwa nyuma peke yake huharibu mizani. Ekseli ya nyuma huwa kama egemeo la wenzo: bawa lililo nyuma ya ekseli likisukumwa chini, pua ya gari hupunguziwa mzigo. Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele hilo ni hasara, kwa kuwa magurudumu hayohayo ndiyo yanayovuta na kukata kona. Ndiyo maana magari ya mbio yenye bawa kubwa nyuma huwa pia na mdomo au bawa mbele.

Historia

Mwaka 1956 mhandisi Michael May alifunga bawa juu ya kiti cha dereva cha Porsche 550 yake na kulipeleka Nürburgring, Ujerumani. Katika mazoezi gari lilikwenda kasi sana, lakini waandalizi walimkataza kushindana nalo. Miaka kumi baadaye Jim Hall wa Texas, Marekani, alitoa Chaparral 2E, yenye bawa juu ya nguzo ndefu zilizoshikizwa kwenye ekseli ya nyuma. Dereva alikuwa na pedali ya kulilaza bawa kwenye barabara iliyonyooka ili lisimpunguzie mwendo.

Mwaka 1968 mabawa yaliingia Formula 1, yakawa marefu na membamba kuliko busara. Tarehe 4 Mei 1969, katika mashindano ya Hispania huko Montjuïc, Barcelona, mabawa ya magari mawili ya Lotus yalivunjika mbio zikiendelea. Graham Hill na Jochen Rindt waligonga vizuizi, na Rindt akaumia. Wiki mbili baadaye, mjini Monaco, mabawa ya juu yalipigwa marufuku, na tangu hapo kanuni zimeweka mipaka ya ukubwa, urefu na namna ya kuyafunga.

Kutoka uwanjani hadi barabarani

Kanuni za mashindano ya magari yanayofanana na ya dukani ndizo zilizoleta spoila mtaani: kampuni ilitakiwa kuuza idadi fulani ya magari ya aina hiyo kwa watu wa kawaida. Porsche ilitoa 911 Carrera RS 2.7 mwishoni mwa 1972, ikiwa na spoila fupi iliyopanda juu ya buti na kupewa jina la "mkia wa bata". Kanuni ilidai magari 500. Yaliyotengenezwa yalikuwa 1,580. Mkia ule ulipunguza kani iliyokuwa ikiinua nyuma ya gari. Katika Safari Rally ya 1974, Björn Waldegård alimaliza wa pili akiwa na Porsche ya ukoo huo. Mwaka 1973 BMW ilitoa 3.0 CSL yenye bawa kubwa ambalo sheria ya Ujerumani haikuliruhusu barabarani. Wanunuzi walipewa gari bawa likiwa limewekwa ndani ya buti, halijafungwa.

Mfano wa kinyume ni Lamborghini Countach. Bawa lake la nyuma, lililouzwa kama nyongeza, lilipendwa sana kwenye mabango ya ukutani, lakini liliongeza ukinzani na kupunguza kasi ya juu ya gari.

Kisa kizito zaidi ni cha Audi TT, iliyoingia sokoni mwaka 1998 ikiwa na mgongo wa mviringo usio na spoila, kwani wabunifu walitaka mstari safi. Kwenye barabara kuu za Ujerumani, kwa mwendo mkubwa, baadhi ya magari hayo yaliponyoka na watu wakafa. Mwishoni mwa 1999 kampuni iliyaita magari yaliyouzwa ili yafungiwe spoila ndogo ya nyuma na kubadilishwa sehemu za springi na mfumo wa uthabiti. Kipande kile kidogo kilikuwa na kazi kuliko mabawa mengi makubwa.

Katika Afrika Mashariki

Mtindo huu ulichochewa na rali. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Subaru Impreza, na gari la aina hiyo, likiagizwa limetumika kutoka Japani, lina mashabiki wengi nchini Kenya. Tundu la hewa kwenye boneti ya Impreza yenye tabo si pambo: hupeleka hewa ya kupoza kifaa kinachopunguza joto la hewa iliyoshindiliwa kabla haijaingia kwenye injini. Tundu la kubandika juu ya boneti ya gari lisilo na tabo halipozi chochote.

Spoila za mapambo mara nyingi hushikwa kwa gundi. Jua huilegeza, na kipande kikichomoka barabarani humwangukia anayefuata, akiwa labda bodaboda. Zinazofungwa kwa boliti hudai kutobolewa kwa buti. Tundu lisipopakwa rangi na kuzibwa huingiza maji na kuanza kutu, na pwani, penye hewa ya chumvi, kutu hiyo haichelewi. Fundi huangalia pia kwamba bawa halizibi kioo cha nyuma wala taa ya tatu ya breki. Mdomo wa mbele uliotengenezwa kwa uwanja laini, hasa kwenye gari lililoshushwa, kwa kawaida huvunjwa na tuta la kwanza.