Majilio na Mpaka wa Kihamba: Maandalizi ya Noeli Huanzia Wapi?

Mahubiri mengi ya Majilio huwataka waumini waandae mioyo yao kumpokea Mtoto Yesu. Muumini huyasikia, akaongeza sala, akafunga siku moja mbili, akaungama. Yote ni mema. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba moyo haujaandaliwa mpaka mwenye moyo huo awe amemwendea mtu ambaye yeye mwenyewe alimdhulumu.

Ushahidi wa kwanza umo katika Injili ya Luka, sura ya 3, ambayo Wakatoliki huisoma Dominika ya tatu ya Majilio katika Mwaka C. Umati unamwuliza Yohane Mbatizaji ufanye nini. Anawajibu kwa mambo ya kanzu, ushuru na mshahara: mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo, mtoza ushuru asitoze kupita kiwango, askari asimnyang'anye mtu wala kumsingizia. Wote waliouliza walielekezwa kwa jirani. Kanisa bado linatunza kumbukumbu ya toba hiyo katika rangi ya zambarau na katika kutoimba Utukufu Dominika za kipindi hiki, ingawa kalenda ya liturujia iliyorekebishwa mwaka 1969 inakazia zaidi matazamio yenye furaha.

Mahali pa kulipima dai hili ni Kilimanjaro. Kila Desemba Wachaga waishio Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hupanda kwenda Machame, Kibosho, Marangu na Rombo; watu husema kwa utani kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Wanakuta migomba, kahawa, makaburi ya wazee, na pia ugomvi waliouacha mwaka jana. Kuna ndugu wasiosalimiana kwa sababu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ulisogezwa usiku. Kuna dada aliyeambiwa kwamba binti harithi. Tarehe 25 wote hao huketi kanisa moja, pengine benchi moja, wakiimba.

Mpaka huo aghalabu huoteshwa mimea iitwayo masale. Na jani la isale ndilo ambalo mkosaji, kwa mila ya Wachaga, humpelekea aliyemkosea ili kuomba radhi, na ni vigumu sana kumkatalia aliyekuja nalo. Mmea unaotenganisha mashamba ndio huo huo unaorudisha undugu. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyefika huku mwaka 1902, alitaka Kanisa lijengwe juu ya vifungo vya ukoo, ujirani na rika. Yako mengi ya kumkosoa, lakini katika hili aliona mbali: toba ya Mchaga ilikuwa na njia yake ya kupita, hadi mlangoni kwa mtu.

Walutheri, ambao ni wengi mlimani hapa, wanaweza kuuliza: je, huku si kuinunua neema kwa matendo? Swali ni la haki. Lakini Yusufu naye alisafiri kwenda mji wa ukoo wake kuhesabiwa, na Mtoto akazaliwa huko bila kungoja mtu yeyote awe tayari. Upatanisho haumleti Kristo. Unamjibu Kristo aliyekwisha kuja.

Hatari kubwa zaidi naiona kwingine. Isale linaweza kuletwa na mikono mitupu, dada akabembelezwa asamehe kwa ajili ya sikukuu huku shamba lake likiendelea kulimwa na mwingine. Huko ni kumdhulumu mara ya pili, tena kwa jina la Mungu. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Radhi isiyorudisha kitu, pale ambapo kitu kilichukuliwa, haifai kuitwa radhi, na mchungaji au padri anayeibariki anashiriki dhuluma.

Mara nyingi kikao cha ukoo husubiri sikukuu ipite, nyama ikiwa imeliwa na pombe ya mbege imenywewa. Utaratibu huo ugeuzwe. Katika Mathayo, sura ya 5, Yesu anamwagiza mwenye sadaka aiache madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake. Wachungaji, mapadri na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waiombe kila familia ikutane kabla ya mkesha, wazee na majirani wanaoujua mpaka wakiwapo. Nawe msomaji, kama kuna isale ulilong'oa na kulihamisha, lirudishe mahali pake kabla ya tarehe 24.