Paka Mwenyeji na Watoto wa Paka Wageni: Historia ya Paka Majumbani na Haki Zake



Himidi zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, mada ya leo katika safu yetu ya historia wapo watakaoiona ndogo. Lakini tumeona tuiandike kwa sababu kuna jambo linatendeka mitaani kwetu nalo si dogo mbele ya Allah. Watoto wanaokota au wanapewa watoto wawili wa paka, wanawaleta nyumbani ambako tayari kuna paka wa miaka mingi. Paka yule mzee anafura manyoya, anafoka, anawapiga wadogo makofi, pengine anakojoa juu ya mkeka. Siku ya tatu mwenye nyumba anatoa hukumu: paka huyu ana roho mbaya, ana husuda. Basi anatiwa kwenye gunia na kwenda kutupwa sokoni au ng'ambo ya mto, yeye aliyelinda unga wa nyumba hiyo miaka saba au minane.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Tutazame basi historia yake, tuone kama hukumu ile ya gunia ina haki ndani yake.

PAKA ALIINGIAJE MAJUMBANI MWETU?

Wataalamu wa elimu ya viumbe wamechunguza nasaba ya paka wa nyumbani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba asili yake ni paka wa mwituni wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Jamaa zake wangali wanaishi katika nyika zetu za Afrika Mashariki, na baadhi ya watu huwaita kimburu. Watu walipoanza kulima na kuweka akiba ya nafaka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, panya walifuata nafaka na paka akafuata panya. Hakuna aliyemfunga kamba kumleta. Alikuja mwenyewe, naye binadamu akaona faida yake akamwacha akae.

Mwaka 2004 wachimbaji wa mambo ya kale walitangaza kwamba katika kisiwa cha Cyprus wamekuta kaburi la mtu lenye umri wa miaka 9,500 hivi, na kando yake paka amezikwa. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo alipelekwa kwa chombo cha baharini. Kule Misri ya juu, mahali panapoitwa Hierakonpolis, lilipatikana shimo lenye mifupa ya paka sita, wawili wakubwa na wanne wadogo, waliozikwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Maana yake ni kwamba suala la paka wakubwa na wadogo kukaa mikononi mwa watu ni la kale sana.

Sasa hapa ndipo penye jibu la ugomvi wetu. Simba huwinda kwa kundi, lakini babu yake paka alikuwa mwindaji wa peke yake. Kila mmoja alikuwa na eneo lake, na mipaka ya eneo hilo aliiweka kwa harufu: kwa kusugua mashavu yake, kwa kucha na kwa mkojo. Mgeni akiingia, maana yake chakula kimepungua. Ni kweli kwamba mahali penye chakula tele paka jike walio ndugu hukaa pamoja na hata kuleleana watoto, lakini hao wanajuana kwa harufu. Asiye na harufu ya nyumbani ni adui mpaka ithibitike vinginevyo.

Kwa hiyo paka wako anapofoka mbele ya wageni, tusimwite mwenye husuda. Ana hofu, na anafanya lile aliloumbwa nalo. Dawa ya hofu ni kumzoesha pole pole, wala si gunia.

PAKA KATIKA NYUMBA ZA WAISLAMU

Swahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote, Abu Hurayra (r.a.), tunamjua kwa jina la utani lililotokana na mtoto wa paka. Jina lake, kwa kauli iliyo mashuhuri, ni Abdul-Rahman bin Sakhr, wa kabila la Daws huko Yemen. Katika riwaya iliyopokewa na Tirmidhi, alieleza kwamba alikuwa akichunga mbuzi wa watu wake, naye ana kijipaka. Usiku akikiweka mtini, na mchana akienda nacho akikichezea. Ndipo wakamwita Abu Hurayra, yaani baba wa kijipaka. Tazameni, enyi wanafunzi: usiku alikitafutia mahali pake pa peke yake penye usalama. Hilo tutalirudia hapo chini.

Ipo pia Hadithi ya Kabsha bint Ka'b, waliyoipokea Imam Malik, Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Alimmiminia mkwewe, Abu Qatada (r.a.), maji ya kutawadhia. Paka akaja kunywa, na Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha anashangaa, akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaowazungukia majumbani mwenu. Wanazuoni walilinganisha neno hilo la kuzunguka na aya ya 58 ya Suratun-Nur, ambayo inawataja kwa neno kama hilo watumishi na watoto wadogo wanaoingia na kutoka nyumbani. Basi paka amehesabiwa pamoja na watu wa ndani ya nyumba.

Na upande wa onyo, Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Mwenye gunia na ajiulize: paka mzee aliyelelewa kwa ugali na dagaa, akitupwa mahali asipopajua, penye mbwa na magari, ataishi siku ngapi?

Ama kisa cha Mtume (s.a.w.) kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aitwaye Muezza, kisa hicho kinaenea sana lakini hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Kilichoandikwa na mwanahistoria Dhahabi kinamhusu Sheikh Ahmad al-Rifa'i, aliyefariki mwaka 578 Hijria (1182): paka alilala juu ya mkono wa nguo yake, wakati wa Swala ukafika, akaukata, kisha baadaye akaushona tena. Ni vyema tuwasimulie watoto habari kwa wenyewe walioitenda.

Mji wa Cairo nao una visa viwili. Mwanachuoni wa nahau Ibn Babshadh, aliyefariki mwaka 469 Hijria (1077), alikuwa akila na wenzake juu ya dari la msikiti. Paka akaja, wakampa tonge, akaondoka nalo, akarudi, wakampa tena, na ikawa hivyo mara nyingi. Walipomfuata wakakuta anampelekea paka mwingine, kipofu, aliyekaa katika gofu la jirani. Ibn Khallikan, aliyetuandikia habari hii, anasema Ibn Babshadh aliingiwa na mazingatio makubwa: ikiwa Allah amemtiishia kiumbe huyu mwenzake wa kumlisha, vipi atamsahau yeye? Akaacha kazi yake ya serikali akashughulika na elimu na ibada.

Kisa cha pili ni cha Sultan Baybars, aliyetawala kuanzia 1260 hadi 1277, ambaye aliacha bustani karibu na msikiti wake iwe wakfu kwa ajili ya paka wasio na wenyewe. Mwingereza E. W. Lane, aliyeishi Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, aliandika kwamba bustani yenyewe ilikuwa imeshauzwa mara kadhaa, lakini wajibu ulibaki kwa Kadhi, na kila siku wakati wa alasiri mabaki ya chakula yaliletwa katika ua wa mahakama na paka wakakusanyika kula. Karne zaidi ya tano zilikuwa zimepita, na haki ya paka ilikuwa bado inakumbukwa.

Kwetu pwani, majahazi yaliyoleta bidhaa kutoka ng'ambo yalileta na panya, na mifupa ya panya weusi wenye asili ya Asia imechimbuliwa Unguja Ukuu. Penye panya paka hakosi kazi. Lamu mpaka leo ni mji unaojulikana kwa paka wake, wanaozunguka vichochoroni na kungoja wavuvi.

HISTORIA INATUFUNZA NINI NYUMBANI?

Ikiwa paka anamjua mwenzake kwa harufu na anaogopa kupokonywa eneo, basi utaratibu wa kuwapokea wageni unaeleweka wenyewe.

1. Wasitolewe kwa mama yao mapema. Mtoto wa paka asiondolewe kabla ya wiki 8, na akingoja hadi wiki 12 ni bora zaidi, kwani kwa mama ndiko anakojifunza adabu ya kuishi na wenziwe.

2. Wageni wapewe chumba chao. Iwe stoo au pembe iliyozibwa vizuri, wawe na maji, chakula, kitambaa cha kulalia na beseni la mchanga. Wakae huko wiki moja au mbili. Muda huo unamlinda pia paka mzee na maradhi, maana wageni wanaweza kuja na mafua ya paka, minyoo na viroboto. Daktari wa mifugo awaone, awape dawa ya minyoo na kupanga chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa.

3. Harufu zitangulie kabla ya macho. Chukua kitambaa walichokilalia wadogo ukiweke karibu na anapolia paka mzee, na chake ukipeleke kwao. Akikifokea, mwache, kesho atakinusa tu, keshokutwa atakipita.

4. Wale pande mbili za mlango mmoja. Mlango ukiwa umefungwa, sahani ya mzee huku na ya wadogo kule. Kwanza mbali, kisha kila siku sogeza kidogo. Hivyo harufu ya wageni inafuatana na shibe badala ya hofu.

5. Waonane kwa muda mfupi. Fungua mlango kidogo, dakika chache, mtu mzima akiwepo. Kufoka si vita. Wakikamatana kweli, wazuie kwa kuweka ubao au mto kati yao. Usitie mkono, na wala usimpige mzee, kwani akipigwa kila anapowaona wageni, atawachukia zaidi.

6. Haki ya mwenyeji isipungue. Alishwe kwanza, mahali pake pa kulala pasichukuliwe, na apate pa juu pa kukimbilia, kama kabati au dirisha, ambapo wadogo hawafiki. Mabeseni ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja. Kumbuka Abu Hurayra na mti wake.

Baadhi ya paka huzoeana kwa wiki mbili, wengine miezi. Wapo ambao hawatapendana kamwe, ila wataheshimiana mipaka, na hilo latosha. Lakini paka mzee akikataa kula kwa siku nzima au zaidi, usingoje, mpeleke kwa daktari, kwani njaa huliharibu haraka ini la paka.

Kuhusu familia: anayekwaruzwa au kung'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali, maana kichaa cha mbwa hakina tiba kikishaonyesha dalili. Mama mjamzito asisafishe beseni la mchanga, afanye mwingine, kila siku, na kunawa mikono.

MWISHO

Ndugu zetu, anayeona hawezi kulisha paka watatu asilete wageni. Halazimishwi, na kumwachia mwingine mwenye uwezo ni bora kuliko kuchukua kisha kutupa. Lakini aliyekwisha wachukua, mzee na wadogo wote wamekuwa amana mkononi mwake. Watoto wetu wanatutazama. Anayemwona baba yake anamtupa paka kwa sababu amezeeka na wamekuja wadogo wenye kupendeza, anajifunza jambo kuhusu wazee, wala halihusu paka peke yake. Na anayefundishwa kumtangulizia mwenyeji sahani yake na kumfungulia mgeni mlango pole pole, huyo amejifunza haki na rehma kwa pamoja, tena nyumbani kwake mwenyewe.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuwarehemu viumbe wake, naye aturehemu. Amin.

Wabillahi tawfiq.