Kazi za Mikono na Vijana Wetu Tangu Siku za Kipande



Kamati imetuagiza kutia katika Taarifa ya mwaka huu habari za namna vijana wa nchi hii walivyotafuta kazi tangu zamani hata leo, ili Mkutano Mkuu utakapoketi kuamua juu ya Mfuko wa Karo, wanachama wawe na habari hizo mikononi. Neno lililo mbele yetu lajulikana. Je, fedha zote za Mfuko ziendelee kulipa karo za shule za sekondari, kama ilivyo desturi ya chama, au sehemu yake inunue vyombo vya kazi kwa vijana waliokwisha kujifunza ufundi, nao wamekaa nyumbani mikono mitupu? Twajua kwamba neno hili limewagawa wanachama, na wako wazee wanaoona kwamba kumpa kijana randa na msumeno badala ya vitabu ni kumrudisha nyuma. Hofu yao si ya bure, nayo ina historia yake.

Kabla ya serikali ya kikoloni, kijana hakwenda kuomba kazi. Mhunzi alimfundisha mwana wa mhunzi, mfinyanzi alimfundisha binti yake, na aliyetaka kujifunza kwa mtu asiye wa ukoo wake alipeleka mbuzi au pombe kwanza. Kisha ikaja kodi ya kibanda, na baada yake kodi ya kichwa, zote zikidaiwa kwa fedha, na fedha hazikupatikana kwa kufinyanga vyungu. Kijana akalazimika kwenda relini, bandarini, au katika mashamba ya walowezi. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuchukua hati iliyoandikwa jina la bwana wake, kazi yake na mshahara wake, ndani ya kibweta cha bati kilichoning'inia shingoni. Aliyeondoka kazini bila kutiwa sahihi alihesabiwa mtoro. Kipande kilidumu hata miaka ya mwisho ya 1940.

Twaomba wanachama watazame jambo moja hapa. Hata leo twasema kwamba fulani "ameandikwa kazi". Kwa usemi huo, mwenye kazi ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la mtu mwingine, na asiyeandikwa hana kazi, hata akiwa anapiga bati tangu alfajiri hata machweo. Kipande kiliondolewa shingoni, lakini usemi umebaki vinywani mwetu.

Serikali ile ile ilianza kufundisha ufundi. Mwaka 1924 ilifungua pale Kabete chuo cha kuwafundisha Waafrika useremala, uashi na kazi za chuma. Ndicho kilichokuwa baadaye Kabete National Polytechnic. Misheni nazo zilikuwa na karakana zao; katika shule za zamani kama Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906, wanafunzi walishika jembe na nyundo pamoja na kalamu. Lakini wazazi waliona upesi kwamba karani alilipwa zaidi kuliko seremala, tena aliketi kivulini, na Bwana D.C. alimwita kwa jina lake. Waliona pia kwamba wako wazungu waliosifu sana kazi za mikono kwa sababu hawakutaka Mwafrika ashike kalamu. Basi wakadai elimu ya vitabu, na kwa kudai hivyo wakawapata walimu, waganga na wanasiasa walioleta Uhuru. Sisi tunaokula kwa kalamu hatuwezi kuwalaumu. Hofu ya wazee wa leo ina mizizi hapo.

Baada ya vita vya pili, askari walirudi mwaka 1945 na 1946 wakiwa na akiba kidogo, na wengi walifungua maduka. Mengi yalikufa. Mtaji ulikuwa haba, bei za jumla zilikuwa mikononi mwa wengine, na sheria iliweka mpaka mdogo sana juu ya mkopo aliopewa Mwafrika bila idhini ya serikali. Huko Nyanza, mwalimu mmoja aliyeacha kufundisha, Oginga Odinga, aliwaambia watu wakusanye akiba yao ndogo ndogo kwa hisa, na kampuni yao, Luo Thrift and Trading Corporation, ikaandikishwa mwaka 1947. Ilijenga nyumba, ikafanya biashara, ikawa na mtambo wa kupigia chapa. Hatusemi kwamba ilifanikiwa katika kila jambo, maana haikufanikiwa. Lakini ilionyesha kwamba shilingi za maskini zikiwekwa mahali pamoja huweza kununua chombo ambacho hakuna mmoja wao angekinunua peke yake.

Na vyama vya ustawi kama hiki chetu vilizaliwa katika miji ile ile. Kazi yavyo ya kwanza ilikuwa kusafirisha maiti nyumbani, kumpa mgeni mahali pa kulala, na kumpeleka kwa mtu wa kwao aliye kazini ili naye "aandikwe". Vikubwa kati ya vyama vya makabila vilivunjwa mwaka 1980 kwa agizo la serikali. Vidogo vya mitaa na vya kusaidiana viliendelea.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, watu walitumaini kwamba kazi zitatosha. Mwaka uliofuata serikali, matajiri wa kazi na vyama vya wafanyakazi vilipatana: serikali iongeze wafanyakazi wake kwa asilimia 15, kampuni kwa asilimia 10, na wafanyakazi wasidai nyongeza kwa muda. Waliokuja kujiandikisha kwamba hawana kazi walipita laki mbili. Sehemu ndogo tu waliandikwa. Mwaka huo huo wa 1964 ilianzishwa National Youth Service, iliyochukua maelfu ya vijana wakatengeneza barabara na kujifunza ufundi. Lakini shule nazo zilikuwa zikiongezeka. Kila kijiji kilijenga shule yake ya Harambee, na kila mwaka watoto waliomaliza shule ya msingi bila nafasi ya sekondari walizidi kuwa wengi.

Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Taifa lilitoa taarifa iliyouliza ni nini kitakachofuata baada ya shule. Katika taarifa hiyo ndimo lilimotoka wazo la politekniki za vijiji, na za kwanza zilianza kabla ya mwisho wa miaka ile ya 1960. Wazo lilikuwa rahisi, nasi twaliona kuwa mojawapo ya mawazo mema yaliyopata kutokea katika nchi hii. Chuo kiwe karibu na nyumbani. Kisiwe na majengo ya fahari. Ukumbi wa kanisa au banda la kuazima latosha. Mwalimu awe fundi wa pale pale. Kamati ya wenyeji ndiyo itakayouliza kwanza: watu wa hapa wanahitaji kununua nini? Kama wanahitaji milango na madirisha, ifundishwe useremala. Kama wanahitaji sare za shule, ifundishwe ushonaji. Wanafunzi wafanye kazi za wateja halisi wakati wa kujifunza, na mwisho watoke kwa vikundi, wakiwa na vyombo vyao, wafanye kazi kijijini. Karo ilikuwa ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliingia kusaidia kulipa walimu, na vyuo vikaongezeka upesi.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika kidogo kidogo. Mzazi aliyelipa karo alitaka kuona cheti. Kijana naye alitaka kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, daraja la tatu, kisha la pili, ili aende Nairobi akaonyeshe karatasi. Kwa hiyo mafundisho yakageuka kuufuata mtihani, hata pale ambapo wenyeji hawakuwa na haja ya kazi iliyotahiniwa. Tena jina la chuo likaanza kunuka. Kwa kuwa aliyeingia ni yule aliyekosa sekondari, watu wakasema ni mahali pa walioshindwa. Kijana alihitimu akiwa na cheti bila randa, akarudi kwao kungoja kuandikwa.

Wakati huo huo wengine walikuwa wakijifunza bila chuo wala cheti. Katika Nairobi vijana waliofanya kazi ya usaidizi kwa mafundi wa Kihindi walitazama, wakashika, wakatoka kujitegemea. Walichukua makopo yaliyotupwa wakafanya koroboi. Walichukua mapipa wakafanya mabeseni na majiko. Askari wa jiji waliwafukuza na kuvunja vibanda vyao. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa taarifa juu ya Kenya, ukasema kwamba watu hawa si wazembe wala wahuni, bali ni wafanyakazi wenye faida kwa nchi wasiotambuliwa. Ilichukua muda kabla ya maneno hayo kusikika. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji akawaona mafundi wakipiga bati chini ya jua kali, na baada ya hapo vibanda vikajengwa.

Jiko lile lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo uliochomwa ndani, linalopunguza makaa, lilienea nchini tangu miaka ya 1980 kwa mikono ya mafundi hawa. Na sanduku la bati ambalo mtoto anayelipiwa na Mfuko wetu hubeba kwenda bweni hutengenezwa na fundi wa namna hiyo hiyo, aliyeacha shule akiwa na umri wake. Twalitaja sanduku hili kwa sababu limo katika hesabu za chama kila Januari, wala hatujapata kumsikia mwanachama akiuliza limetoka wapi.

Mengine twayapitia kwa upesi. Mwaka 1985 mpango wa 8-4-4 ulileta masomo ya mikono katika shule za msingi, wazazi wakajenga karakana kwa Harambee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yalitolewa katika mtihani, na karakana nyingi zikawa ghala. Mwaka 2006 serikali ilitenga shilingi bilioni moja kuanzisha mfuko wa kuwakopesha vijana. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi politekniki za vijiji kwa kaunti. Basi aliyetaka kulalamika juu ya chuo cha kwao hana haja tena ya kupanda basi kwenda Nairobi.

Katika habari hizi zote twaona kwamba kijana aliyejifunza ufundi hakukwama kwa kukosa ujuzi. Alikwama siku ya kutoka chuoni, alipokosa vyombo, kiwanja kidogo asichofukuzwa, na mteja wa kwanza wa kumwamini.  Mzazi amekwisha kutoa alichokuwa nacho kwa karo.

Kwa hiyo Kamati haiombi Mkutano uache kulipa karo za sekondari. Yaomba robo ya Mfuko inunue vyombo, vibaki mali ya chama mwaka wa kwanza, na kijana avilipe kidogo kidogo hata viwe vyake. Yaomba pia kwamba ua ulio nyuma ya ukumbi wetu, ambao sasa una viti vilivyovunjika tu, utolewe kwa mafundi wanne wa kwanza, wawili wa kiume na wawili wa kike. Viti vyenyewe vyaweza kuwa kazi yao ya kwanza ya kulipwa. Maneno kamili ya pendekezo yamo baada ya hesabu za Mweka Hazina, na wazee wanaopinga wameombwa kumpa Katibu majina yao kabla ya mkutano ili wapewe nafasi ya kusema kwanza.