Hades na Kuzimu: Neno Lililohama kutoka Nafsi hadi Mahali

Katika tenzi za Homer, Hades ni jina la mungu, nduguye Zeus na mtawala wa wafu. Aliyekufa huelezwa kuwa amekwenda nyumbani kwa Hades. Baadaye Wagiriki walizoea kuidondosha nomino "nyumba" na kubakiza umbo la umilikishi pekee. Hivyo jina la mwenyeji likawa jina la makazi yake.

Asili ya jina lenyewe ina utata. Katika Cratylus ya Plato, Socrates anasema kwamba wengi hulinasibisha na kutoonekana, ilhali yeye analihusisha na kujua. Wanaisimu wa baadaye nao wametofautiana: baadhi wanashikilia maana ya "asiyeonekana", wengine wanalitoa katika neno la kale lenye maana ya ardhi.

Torati ilipoanza kutafsiriwa kwa Kigiriki huko Alexandria katika karne ya 3 KK, Hades ilitumika badala ya Sheol ya Kiebrania. Mungu akatoweka, mahali pakabaki. Kwa maana hiyo neno likaingia katika Agano Jipya, likitofautiana na Gehenna, mahali pa adhabu.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilififisha tofauti hiyo kwa kutumia neno moja karibu kila mahali. Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 iliihifadhi. Gehenna ilikuwa Jehanamu, neno lililokwisha kuzoeleka kupitia Kiarabu. Hades ilikuwa kuzimu, neno la Kibantu lenye ku- ya mahali na mzizi -zimu, uleule wa mzimu. Kimofolojia, basi, kuzimu ni waliko wafu. Dhana ya mateso haimo katika umbo lake. Msomaji anayeichukulia kuwa kisawe cha Jehanamu anaipoteza tofauti ambayo lugha yake imeitunza.

Hata hivyo, nafsi ya kale haikutoweka kabisa. Katika Ufunuo 6:8, Kuzimu inamfuata Mauti, na tafsiri hiyo inaipatanisha na kiambishi a- cha ngeli ya watu. Katika 20:13, Mauti na Kuzimu zinachukua zi-. Nomino iliyoundwa kutaja mahali inapewa upatanisho wa mtu, na kwa kiambishi kimoja tu mwenyeji wa Homer anarejea nyumbani kwake.