Turin kwa gari la kukodi: Ayapasayo kujua msafiri wa Nyeri

Kwa wakazi wa Ruring'u na vitongoji vingine vya Nyeri, Turin si jina geni. Wamisionari wa Consolata waliofika Kenya mwaka 1902 walitoka jiji hilo la Italia, ambako Padri Giuseppe Allamano aliasisi shirika lao mwaka 1901. Mwanamfalme Amedeo wa Aosta, aliyezikwa katika kanisa la ukumbusho la Waitaliano mjini Nyeri, alizaliwa Turin mwaka 1898, akafariki Nairobi mwaka 1942 akiwa mateka wa vita.

Anayekusudia kulizuru jiji hilo kwa gari la kukodi hana budi kujiandaa mapema. Pamoja na leseni ya Kenya, achukue kibali cha kimataifa cha udereva. Huko magari hupita upande wa kulia. Kasi ya kawaida mjini haizidi kilomita 50 kwa saa.

Mtego mkubwa umo katikati ya jiji. Baadhi ya barabara hufungiwa magari yasiyo na ruhusa kwa saa maalumu, na kamera hunasa nambari za usajili. Faini yaweza kumfuata dereva hadi nyumbani miezi kadhaa baadaye, juu ya ada ya kampuni iliyomkodishia gari.

Ni busara, basi, kuegesha nje ya eneo hilo, kisha kutembea hadi kanisa la Consolata, au kupanda treni ya chini ya ardhi hadi Lingotto, kiwanda cha zamani cha Fiat kilichozinduliwa mwaka 1923, chenye njia ya kujaribia magari juu ya paa.